Ndege tunazo, mshindani hatuna

Novemba 2012, Fastjet, kampuni ya ndege ya bei nafuu, ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ya chini ilitangazwa kuwa shilingi 32,000, kabla ya kodi na ada. Si kila kiti kiliuzwa kwa bei hiyo, na aliyechelewa kukata tiketi alilipa zaidi. Lakini watu waliozoea kukesha kwenye basi walianza kupanda ndege, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliipa kampuni ile notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni. Haikurudi tena.

Tangu 2016 serikali imelifufua shirika lake la ndege, ATCL, kwa ndege mpya, na mimi ni mmoja wa waliofurahi. Hata hivyo, wingi wa ndege za shirika moja hauleti bei ya ushindani. Katika safari nyingi za ndani abiria anachagua kati ya ATCL na Precision Air, na kwingine hana hata uchaguzi huo. Injini za Airbus A220 zilipoleta matatizo, baadhi ya ndege za ATCL zikabaki chini. Viti vikapungua, na hapakuwa na wa kuziba pengo.

Wapo wanaotaka serikali iamuru tu nauli za ATCL zishuke. Siafiki hata kidogo. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka 2022/23 ilionyesha shirika limepata hasara ya shilingi bilioni 56.64. Tukishusha nauli chini ya gharama, atakayelipa tofauti ni mkulima wa Namtumbo ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya ndege. Zaidi ya hapo, mwekezaji binafsi anayekodi ndege kwa bei ya soko hawezi kushindana na mtu ambaye hasara yake inafidiwa na Hazina. Ataondoka, au hatakuja kabisa, na sisi tutabaki na muuzaji mmoja.

Mafuta ya ndege yanauzwa kwa bei ya dunia, kwa dola. Hapo hatuna la kufanya. Lakini viwanja vya ndege ni vyetu wenyewe. Ada ya huduma ya abiria kwa safari ya ndani ni shilingi 10,000, iwe tiketi yako ni ya bei gani. Kwenye tiketi ya 400,000 huioni. Kwenye ile ya 32,000 ni karibu theluthi nzima! Ada ya namna hiyo inambana hasa anayetaka kuuza bei ya chini. Itozwe kwa asilimia ya nauli.

Halafu kuna taa. Kwa miaka mingi viwanja vingi vya mikoani vimepokea ndege mchana tu. Gharama ya kukodi ndege hailali: inalipwa usiku na mchana, iwe ndege inaruka au imeegeshwa. Kadiri inavyofanya safari chache kwa siku, ndivyo kila abiria anavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Kila ninaposikia mipango ya majengo mapya ya abiria, naomba taa za njia ya kurukia zitangulie.

Anayeumia zaidi ni mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba mama amefariki na mazishi ni kesho kutwa, Bukoba. Hawezi kukata tiketi mwezi mmoja kabla. Anakuta nauli ya juu kuliko zote, na ndugu wanachanga ili aende mmoja kwa niaba ya wote.

Msafiri wa Dodoma walau amepata nafuu: tangu Julai 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inamfikisha kutoka Dar kwa shilingi 31,000 daraja la kawaida, kwa chini ya saa nne. Wa Mwanza na Bukoba bado hajafikiwa na reli hiyo.

Ndege za ATCL zimekuwa zikimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na shirika limekuwa likizikodi kutoka huko. Kabla Bunge halijapitisha fedha za kununua nyingine, liulize kama shirika binafsi la Kitanzania linaweza kukodi ndege hizo kwa masharti yaleyale.