Fomu ya basari haihitaji JavaScript

Natoa msimamo wangu mapema: ukurasa ambao kazi yake ni kusomwa, au kujazwa na kutumwa, unapaswa kumhudumia hata mtu aliyezima JavaScript, yaani zile programu ndogo ambazo ukurasa huzileta ziendeshwe ndani ya kivinjari chake. Sidai upendeze vilevile. Nadai asome, ajaze, atume, na aambiwe kwamba fomu yake imepokelewa. Wengi wa wenzangu tunaotengeneza tovuti hapa Kisumu hawakubaliani nami, na kila mara huniuliza swali lilelile: siku hizi nani anazima JavaScript?

Wapo. Kuna anayeizima kwa sababu bando lake ni la kuhesabu na hataki liishie kwenye matangazo. Kuna asiyetaka kila hatua yake mtandaoni ifuatwe na makampuni asiyoyajua. Kuna mwanahabari anayechimba zabuni za kaunti kwa kutumia Tor Browser, kivinjari kinachoficha anayekitumia, ambacho kikiwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha usalama huzima JavaScript kwenye tovuti zote, kwa kuwa mashambulizi mengi dhidi ya vivinjari hupitia humo. Programu-jalizi ya NoScript, inayozuia JavaScript kwenye kivinjari, imekuwepo tangu mwaka 2005, na bado ina watu wake. Hata Chrome ya kwenye simu za Android ina swichi ya kuizima ndani ya mipangilio ya tovuti. Ni uamuzi halali wa mwenye simu, na sioni kwa nini mimi niliyeandika ukurasa nimwadhibu kwa ajili yake.

Lakini tuseme hao ni wachache mno, tuwaache. Mwaka 2013 kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali ya Uingereza kilipima jambo hili kwenye tovuti yake ya GOV.UK. Kilikuta kwamba asilimia 1.1 ya waliofika hawakupata JavaScript. Kati yao, waliokuwa wameizima au wenye vivinjari visivyoiweza walikuwa asilimia 0.2 tu ya waliofika wote. Asilimia 0.9 iliyobaki walikuwa na vivinjari vya kawaida, swichi imewashwa, na bado JavaScript haikufanya kazi: pengine mtandao ulikatika, pengine ofisi yao iliizuia, pengine faili halikufika kwa wakati. Na hiyo ni Uingereza.

Sasa panda matatu hapa Kisumu ukielekea Kericho, au upite milima ya Maragoli kwenda Kakamega, ukiwa unajaza fomu kwenye simu. Mtandao unakuja na kutoweka. HTML, lugha ya msingi inayobeba maandishi na fomu za ukurasa, huvumilia hali hiyo. Kivinjari hakingoji ikamilike, kinaonyesha kadiri inavyoingia, na hata ikikatika katikati, nusu iliyofika inasomeka. JavaScript haina uvumilivu huo. Faili likikatika kabla ya mwisho, kivinjari hakitekelezi hata mstari mmoja wake. Kwa hiyo ukurasa uliojengwa wote juu ya JavaScript, mtandao ukiyumba, unabaki mweupe, au unabaki na kile kiduara kinachozunguka bila kufika popote. Aliyezima kwa hiari na aliyenyimwa na mtandao wanatazama kioo kilekile. Ndiyo maana nasema ukimhudumia wa kwanza umemhudumia na wa pili, na wa pili ndio wengi huku kwetu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, jirani yangu wa Nyamasaria aliniletea simu nimsaidie kujaza fomu ya basari ya binti yake. Tovuti yenyewe sitaitaja. Jina likaingia, namba ya kitambulisho ikaingia, shule ikaingia. Tukafika mahali pa kuchagua eneobunge, tukachagua Kisumu Mashariki. Kisanduku kilichofuata, cha wadi, kikawa kitupu. Ukikigusa kinafunguka, ndani hamna kitu. Chini yake kitufe cha kutuma kimepauka, hakibonyezeki, kwa sababu wadi haijachaguliwa. Hakuna ujumbe wowote unaoeleza tatizo ni nini.

“Mwanangu, kwani wadi yetu wameiondoa?” akaniuliza.

“La, mama, wadi ipo. Ni mtandao haujaileta.”

“Na hawa wengine wamejazaje?”

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilipoufungua ukurasa ule kwenye kompyuta nilikuta orodha ya wadi haimo ndani ya ukurasa. Ilikuwa inaitwa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na JavaScript yenye uzito wa zaidi ya megabaiti moja, kila mtu anapochagua eneobunge lake. Kaunti ya Kisumu ina maeneobunge 7 na wadi 35. Kajulu, Kolwa Mashariki, Nyalenda A, Manyatta B, uyaandike majina yote 35 moja kwa moja kwenye ukurasa, yamepangwa chini ya maeneobunge yake, hayafikishi kilobaiti 3. HTML ina namna yake ya kupanga orodha kwa makundi, na imekuwa nayo kwa miaka mingi kabla ya hizi simu. Huyu mama alikwenda dukani kununua chumvi akaambiwa abebe kwanza gunia la mahindi. Mwishowe alilipa nauli hadi mjini, akalipia saiba, fomu ikajazwa kwenye kompyuta ya mwenye saiba. Anayeomba basari ni mtu ambaye tayari hana pesa. Nauli ile na pesa ya saiba ni gharama aliyobebeshwa na mtengenezaji ambaye hatamwona maishani.

Hoja ninayoisikia zaidi ni malipo. Wananiambia, kaka, huduma za siku hizi zinalipiwa kwa M-Pesa, utafanyaje bila JavaScript? Hapa nataka kueleza polepole, kwa sababu nimeona hata mafundi wazuri wakiteleza. Lile ombi la kuweka PIN linalojitokeza kwenye simu ya mteja halitoki kwenye kivinjari. Linatoka kwa seva yako, linakwenda Safaricom, linaingia kwenye laini ya mteja. Kazi ya ukurasa ni moja tu, kuchukua namba ya simu na kuituma, na fomu ya kawaida ya HTML inaiweza. Baada ya hapo mpeleke mteja kwenye ukurasa unaojifungua upya wenyewe kila baada ya sekunde chache, jambo ambalo HTML inalifanya kwa mstari mmoja, au mwekee kitufe kilichoandikwa “Nimelipa, angalia”. JavaScript ikiwepo, inaondoa huko kusubiri na kuona ukurasa ukifunguka upya. Isipokuwepo, pesa inalipwa na risiti inatoka.

Wengine wanasema ni kufanya kazi mara mbili: kukagua fomu kwenye kivinjari, kisha kuikagua tena kwenye seva. Hiyo kazi ya seva ni lazima hata hivyo. Mtu yeyote anaweza kuruka ukaguzi wa kwenye kivinjari akatuma anachotaka, kwa hiyo anayetegemea JavaScript peke yake kukagua namba ya kitambulisho ameacha mlango wazi. Ukianza na seva, umeshamaliza sehemu ngumu.

Nakubali kwamba zipo kazi zisizowezekana bila JavaScript: mkutano wa video, kuhariri picha, mchezo, ramani unayoivuta kwa kidole. Sitamwomba mtu azijenge kwa HTML tupu. Ila bajeti ya kaunti, orodha ya dawa zilizopo kwenye zahanati, tarehe za kufunga shule na tangazo la nafasi ya kazi si michezo. Ni maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ikaja kuipa haki hiyo nguvu. Sioni mahali ilipoandikwa kwamba raia huyo awe na simu mpya. Duka la nguo likinikataa nitakwenda duka la pili. Ofisi ya kaunti sina ya pili.

Januari 2025 Google ilianza kudai JavaScript iwashwe ili mtu atafute, ikisema wanaoizima ni chini ya asilimia 0.1 ya utafutaji wote. Wenzangu walinitumia habari hiyo kama ushahidi kwamba nimeshindwa. Lakini hiyo ni hesabu ya waliozima. Haimo humo hesabu ya walionyimwa na mtandao katikati ya safari, na kipimo cha GOV.UK kilionyesha kwamba hao waliwazidi waliozima zaidi ya mara nne. Tena Google ni kampuni inayoamua biashara yake. Mimi nazungumzia fomu inayolipiwa na kodi yetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti zetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya na nyinginezo, ni sentensi moja ndani ya hati ya zabuni: huduma yote ikamilike JavaScript ikiwa imezimwa, kuanzia kufungua ukurasa hadi kupata namba ya ombi. Kuipima hakuhitaji mtaalamu. Karani anafungua mipangilio ya Chrome kwenye simu yake ya Android, anazima swichi, anajaribu kuomba basari kwa jina la majaribio. Asipofika mwisho, mkandarasi arudishiwe kazi kabla ya kulipwa awamu ya mwisho.