Kengele haifukuzi radi

Kwa karne nyingi huko Ulaya, mawingu meusi yakitanda, makanisa yalipiga kengele ili kuifukuza radi. Baadhi ya kengele zilichorwa maneno ya Kilatini, *Fulgura frango*, yaani "naivunja radi". Sasa mtazame mpiga kengele. Yuko chini ya mnara unaoyapita majengo yote kwa urefu, kamba mbichi kwa mvua imo mikononi, na juu ya kichwa chake linaning'inia dude la chuma. Umeme hutafuta njia nyepesi ya kushuka ardhini, naye kajipanga humo humo. Wengi walikufa hivyo.

Nia yao ilikuwa njema, ila umeme hauulizi nia. Mnara wa Mtakatifu Marko kule Venice ulipigwa na radi tena na tena, hadi mwaka 1776 ulipofungwa chuma cha kukinga radi, ubunifu wa Benjamin Franklin. Wapo waliolalamika kwamba chuma hicho kinaingilia adhabu ya Mungu. Ajabu, adhabu yenyewe inayoanza na minara ya makanisa!

Mimi ni muumini, msinielewe vibaya. Ninachokataa ni kuiita imani kila hofu tuliyorithi. Mwaka 632 Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Baba mfiwa angenyamaza tu, uvumi ungemtukuza. Hakunyamaza. Aliswalisha watu, kisha akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Ibada ilikuwapo pale, ushirikina ukakosa pa kukaa.

Hata hivyo sijifanyi shujaa. Nikiota ndoto mbaya juu ya mtu, asubuhi mkono unaenda wenyewe kwenye simu. Najua fika hila yake: ndoto moja ikigongana na tukio, tunaisimulia miaka ishirini, zile mia zilizotoka patupu zinasahaulika kabla ya chai. Juzi nilimpigia dada yangu alfajiri, moyo ukinidunda. Alikuwa amelala fofofo. Akaniuliza nani kafa, na tangu hapo ni yeye anayenipigia kila asubuhi kuhakikisha nipo hai.