Mbwa mwitu wamerudi milimani, nani abebe gharama?

Ndama akikutwa amekufa malishoni kwenye Milima ya Rocky, Marekani, mfugaji hukimbilia kumfunika kwa turubai kabla kunguru hawajamfikia. Kisha huja mkaguzi, akamchuna taratibu akitafuta damu iliyovilia chini ya ngozi. Ikionekana, maana yake aling'atwa angali hai, na fidia inaweza kulipwa. Mzoga ukiwa umebaki mifupa mitupu, ushahidi umepotea na hasara ni ya mwenye mali.

Naanzia hapo kwa sababu mbwa mwitu wa huko ("wolf" kwa Kiingereza, si wale wa Afrika) hujadiliwa zaidi na watu walio mbali nao. Katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone walishamalizwa kufikia 1926. Mwaka 1995 na 1996 serikali ikaleta 66 kutoka Kanada: 31 Yellowstone na 35 Idaho ya kati. Wakazaana vizuri, na mwaka 2011 Bunge likawaondolea ulinzi wa shirikisho Idaho na Montana, usimamizi ukabaki kwa majimbo.

Wawindaji wana hoja. Wapiti, wale kulungu wakubwa wa kaskazini mwa Yellowstone, walikuwa takriban 19,000 katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2013 walihesabiwa kama 4,000. Mtu ambaye familia yake hula nyama ya porini msimu mzima wa baridi ana haki ya kulalamika. Ila kumtwika mbwa mwitu lawama zote ni kumwonea. Dubu waliongezeka miaka hiyohiyo, nao hula ndama wa wapiti wangali wachanga. Puma nao wamo, na ukame. Na kwa miaka kadhaa wawindaji wenyewe walipewa vibali vya kuua majike wengi waliotoka hifadhini wakati wa baridi. Leo jimbo zima la Wyoming lina wapiti zaidi ya 100,000.

Ndiyo maana siwezi kuitetea sheria ya Idaho ya 2021, inayomruhusu mwindaji kununua vibali vya mbwa mwitu bila kikomo na kutega mwaka mzima kwenye ardhi ya watu binafsi. Wyoming, katika sehemu kubwa ya jimbo, huhitaji hata leseni. Uwindaji wenye kiwango na msimu sina ugomvi nao. Anayeishi na mnyama lazima awe na kauli juu yake. Lakini majira ya baridi ya 2021 na 2022 mbwa mwitu 25 wa Yellowstone waliuawa baada ya kuvuka mpaka wa hifadhi, na vifo hivyo havikumwokolea mfugaji wa bonde la mbali hata ndama mmoja.

Ukigawanya hasara kwa ng'ombe wote wa jimbo, ni ndogo. Tatizo ni kwamba haigawanyiki hivyo: huangukia maboma machache, mwaka baada ya mwaka. Colorado ililiona hilo. Wapiga kura walipitisha urejeshaji kwa kura chache mwaka 2020, kumi wa kwanza wakaachiliwa Desemba 2023, na fidia ikawekwa hadi dola 15,000 kwa mnyama. Ni fedha za maana, ila huja baada ya mzoga. Kinachozuia mzoga ni mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, kamba zenye vitambaa vyekundu (mpaka mbwa mwitu wazizoee), na zaidi ya yote mtu juu ya farasi anayelala karibu na ng'ombe kule juu. Wakazi wa Denver, mji mkuu wa Colorado, waliompigia kura mbwa mwitu walitumia haki yao. Mshahara wa mpanda farasi huyo nao uwe wao, na ulipwe kabla turubai halijatandikwa.