Shamba la bibi limeshagawanywa, kazi yake bado

Wasifu wa marehemu una kanuni zake, na kila aliyewahi kuzika kwao anazijua. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto, akaugua, hali ikabadilika. Ameacha wajukuu na vitukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Wasifu wa bibi yetu, uliosomwa kabla ya misa kuanza, ulifuata njia hiyo hiyo. Sina ugomvi na aliyeuandika, maana aliuandikia magotini usiku wa mkesha huku akiulizwa turubai ziko wapi na sukari imebaki kiasi gani. Ulitaja kwamba bibi alikuwa mwana WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu ulipoanzishwa mwaka 1972, na kwamba aliwahi kuwa mweka hazina wa jumuiya. Kisha ukaenda mbio kwenye vyeo vya watoto wake: huyu mhandisi, huyu afisa elimu, huyu yuko Dodoma.

Yote ni kweli. Ila bibi alikuwa na kazi nyingine kubwa kuliko zote hizo, na kwa kuwa haikuwa na cheo wala mhuri, haikupata hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kutushika tusiachane.

Alikuwa na kauntabuku lenye jalada jeusi, kona zimeliwa na panya. Humo aliandika, kwa penseli, jina la kila mtoto wa ukoo, tarehe ya ubatizo, parokia, na msimamizi wake wa ubatizo. Siku ya kuzaliwa hakuijali sana. Kwake sikukuu ilikuwa ya somo wako, yule mtakatifu uliyepewa jina lake. Mjukuu aliyeitwa Karoli alipigiwa simu tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda. Kina Yosefu walipigiwa tarehe 19 Machi, kina Anna tarehe 26 Julai. Alinunua vocha ndogo, akapiga, akauliza: "Umekwenda kanisani?" Jibu lolote ulilompa, swali la pili lilikuwa juu ya ndugu yako: mmeonana lini mara ya mwisho? Hapo ndipo ulipojua kwamba amekwishasikia.

Sala zake nazo zilikuwa na mpango. Rozari nzima zamani ilikuwa na matendo 15. Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002 yakawa 20, na bibi akafurahi kwa sababu zake mwenyewe: kaya za watoto na wajukuu zilikuwa zimeshazidi 15, na yeye kila kaya alikuwa anaipa fungu lake la Salamu Maria. Akiwa na neno na mkwe, fungu la mkwe huyo lilisaliwa kwa sauti, taratibu, mkwe mwenyewe akiwa jikoni anasikia. Sijui wanateolojia wanasemaje kuhusu hilo, lakini lilifanya kazi.

Jambo ninalolikumbuka kuliko yote lilitokea shambani. Kwetu Mbinga, kwenye miteremko ya Umatengo, watu hulima ngoro. Majani hufyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatizana hadi mteremko mzima ukawa na vyumba vyumba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kufukia yale majani. Hubaki mashimo yenye matuta pande zote, mvua ikija maji hutua shimoni badala ya kuuporomosha udongo bondeni. Kwa desturi wanaume ndio hufyeka na kulaza majani, wanawake hufuata na majembe na mbegu za maharage.

Mwaka huo baba mkubwa na baba mdogo walikuwa hawasemeshani, chanzo kikiwa fedha za kahawa. Bibi hakuitisha kikao. Aliwaita wote wawili siku moja walaze majani kwenye kipande kimoja, na mistari ya ngoro haiendi sawa bila mwenzako kukwambia sogeza huku, vuta kule. Asubuhi nzima walielekezana kwa vidole. Bibi amekaa juu kwenye ukingo, anachambua mbegu kwenye ungo, kila mstari uliopinda anasema, "Rudieni." Kufikia saa sita baba mdogo akashindwa kuvumilia, akafoka: "Kaka, umeona unavyolaza?" Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu msimu wa kuuza kahawa. Bibi akaendelea kuchambua maharage yake kama hakusikia.

Siku ya kuanua matanga tulikaa kikao cha ukoo. Kilikwenda vizuri, nakiri. Shamba la juu likapata mtu, mibuni ikapata mtu, msimamizi wa mirathi akateuliwa, muhtasari ukaandikwa na kusainiwa tayari kwa Mahakama ya Mwanzo. Kauntabuku likakutwa chini ya godoro, likapita mkono kwa mkono, watu wakacheka na kulia, likarudishwa kabatini. Hakuna aliyeuliza nani ataendelea kuliandika. Shangazi mmoja akasema Mungu atainua mwingine. Naamini. Lakini Mungu huyo huyo hatujamwachia atuteulie msimamizi wa mirathi, tumepiga kura wenyewe.

Wapo wanaosema tuna kundi la WhatsApp la ukoo, linatosha. Kundi lile lina michango ya harusi, picha za waridi za "asubuhi njema," na ugomvi ambao ana kwa ana usingefika hata dakika mbili. Juzi mtu kajitoa usiku, na hadi leo hakuna aliyempigia. Bibi angempigia kabla ya kupambazuka.

Kinachonikera zaidi ni kile kinachotokea kazi isipogawanywa: inamwangukia binti mkubwa, kimya kimya. Shangazi mkubwa ameshaanza kupokea simu za kila mwenye malalamiko, na yeye mwenyewe magoti yanamsumbua, ana mgonjwa ndani. Hakuulizwa. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya mababu, mabibi na wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Tunapeleka khanga na sabuni, tunapiga picha, ni vizuri. Ila sikumbuki mtu yeyote wa kwetu aliyekaa na bibi akiwa hai akamwuliza: hii kazi yako, nani umfundishe?

Mimi napendekeza igawanywe kama kitu kingine chochote chake. Kauntabuku lichukuliwe na mjukuu mwenye mwandiko unaosomeka, na simu za sikukuu za masomo zitoke kwake. Kusuluhisha wapewe watu wawili, mmoja wao mwanaume, maana wanaume wa ukoo wetu ndio wagombanaji wakubwa. Mafungu ya rozari kila kaya ijisalie, na imsalie jirani yake.

Misa ya mwaka tutakutana wote Mbinga. Nimeshamwomba baba mkubwa aliweke jambo hili kwenye ajenda kabla ya lile la mpaka wa shamba la chini, kwa sababu likishaanza la mpaka hatutamaliza hadi giza liingie.