Mchezo wa sleji: barafu alipe nani?

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia huzuka ubishi uleule: inafaa kweli kumwaga mamilioni kwenye njia ya zege iliyogandishwa kwa mashine, ili watu wachache wateremke kwa sleji, yaani chombo cha kutelezea juu ya theluji na barafu? Italia iliijenga yake Cortina d'Ampezzo kwa michezo ya 2026, kwa zaidi ya yuro milioni 100, ingawa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliishauri iazime njia ya nchi jirani. Wapinzani walikuwa na hoja nyingi. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema mchezo huu umeusaliti uasili wake.

Uasili upi? Sleji ilikuwa chombo cha kazi, watu wa milima ya Alpi wakibebea kuni na nyasi kavu. Mchezo uliletwa na hoteli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli huko St. Moritz, Uswisi, aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: warudi wakati wa baridi, na wasipofurahia atawarudishia nauli. Wakarudi. Baadaye wageni wa aina hiyo, wamechoka kukaa ndani, walichukua sleji za mizigo na kuporomoka nazo vichochoroni huku wapita njia wakiruka pembeni. Dawa yake ikawa kuwatengenezea njia yao, na ile ya Cresta, papo hapo St. Moritz, ilijengwa majira ya baridi ya 1884/85. Mwaka 1883, yalipofanyika mashindano ya kimataifa kutoka Davos hadi Klosters, kama kilomita 4 za barabara ya kawaida, washindi walikuwa wawili waliofungana: Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia, na Peter Minsch, tarishi wa Klosters. Mtalii na mwenyeji tangu siku ya kwanza, na pesa ya mtalii ndiyo iliyoendesha shughuli. (Wanawake, waliokuwa wakiteremka Cresta, walipigwa marufuku 1929 na kuruhusiwa tena 2018. Wanaousifu uasili hili huwa hawaligusi.)

Kuna njia moja ya bobslei (sleji kubwa ya timu) ambayo bado ni ya barafu ya asili, ya St. Moritz hadi Celerina, inayotumika tangu 1904. Kila mwaka mafundi huchanganya theluji na maji, huipiga kwa koleo na kuichonga kona baada ya kona kwa wiki kadhaa, na majira ya kuchipua yakifika yote huyeyuka. Ni kazi ya kupendeza, wala haiachi zege mlimani. Ila haina dhamana. Katika Olimpiki ya 1928, papo hapo St. Moritz, joto lilipanda na bobslei ikaamuliwa kwa mizunguko miwili badala ya minne. Innsbruck 1964, theluji ilipokosekana, wanajeshi wa Austria walibeba vipande 20,000 vya barafu kwa ajili ya njia za bobslei na luji (sleji ndogo ambayo mchezaji hulala chali).

Ndiyo maana Wajerumani walipoweka mitambo ya kugandisha kwenye njia ya Königssee mwishoni mwa miaka ya 1960, wengine walifuata. Katika luji ushindi hupimwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Barafu ikilainika kidogo tu, anayeanza wa mwisho ameshaonewa. Joto lina thamani hiyo hata kwenye vyuma vya chini ya sleji: katika Olimpiki ya Grenoble 1968, wanawake watatu wa Ujerumani Mashariki waliondolewa kwa tuhuma za kuvipasha moto.

Kwa hiyo barafu ya mashine naitetea. Zege mpya ya kila mwenyeji wa Olimpiki siitetei. Njia ya Cesana, iliyojengwa kwa Olimpiki ya Torino 2006, ilifungwa baada ya miaka michache tu. Waitalia walijibu kwamba Cortina ni mji wa bobslei, nyumbani kwa bingwa Eugenio Monti, na njia yake ya zamani ilikuwa imefungwa tangu 2008. Historia hiyo ni ya kweli, lakini umeme na matengenezo hulipwa kila mwaka, na wachezaji ni walewale wachache.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Njia za namna hii duniani hazifiki ishirini, na zikizidi kupungua, wa mbali ndio watakaoumia kwanza. Wanigeria watatu walioingia bobslei ya Olimpiki 2018, timu ya kwanza ya Afrika katika mchezo huo, walianzia mazoezi Texas, kwenye sleji ya mbao iliyoundwa na nahodha wao, Seun Adigun. Hata hivyo, kilichowafaa baadaye ni njia iliyo hai mwaka mzima wa mashindano, yenye kocha na saa za mazoezi. Njia iliyojengwa kama mnara wa michezo ya wiki mbili haiwapi hayo.

Waandaaji wa Olimpiki ya Squaw Valley 1960, Marekani, walikataa kujenga njia kwa ajili ya nchi tisa, na bobslei ikakosekana kabisa. Ule ulikuwa ukali uliopitiliza. Wafaransa, wenyeji wa 2030, wamepanga kutumia njia ya La Plagne iliyobaki tangu Olimpiki ya Albertville 1992, na hapo sioni cha kubishia.