Mama hawezi kumwambia mwanawe kila kitu

Kuna mwandishi anayesema daktari amtibu mwenyewe mzazi wake mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha, kwa kuwa wataalamu wa afya ya akili ni wachache. Hapana, ndugu yangu. Baba alipofariki, kaka yangu ambaye ni daktari alimwandikia mama amitriptilini, dawa ya sonona, kidonge kimoja usiku. Kila akimuuliza, mama anajibu, "Sijambo mwanangu, nalala vizuri." Kumbe vidonge kavifunga kwenye pindo la kanga! Mama gani atamwambia mtoto aliyemzaa kwamba anatamani kufa? Alikuja kumwambia daktari asiyemjua, siku ya kwanza tu. Hata Chama cha Madaktari cha Marekani kinawaelekeza madaktari kwa kawaida wasitibu familia zao, labda iwe dharura, hakuna daktari mwingine, au ni tatizo dogo la muda mfupi. Siku hizi kaka anamsindikiza kliniki, anakaa naye foleni kamshikia mkoba.