Kuandika kwa Sauti au kwa Kibodi: Muda wa Kusahihisha Nao Uhesabiwe

Wanaouza programu za kuandika kwa sauti huanza na kasi. Wanasema mtu hutamka maneno mengi zaidi kwa dakika kuliko anayoweza kuchapa, kwa hiyo akiiacha kibodi atamaliza kazi mapema. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Washington, pamoja na kampuni ya Baidu, walilipima jambo hili kwenye simu za mkononi, wakakuta kwamba kwa Kiingereza kusema kuliingiza maneno kwa kasi ya karibu mara tatu ya kugusa kibodi ya simu. Matokeo ya Kichina cha Mandarin yalikaribiana na hayo.

Lakini tutazame walichofanya washiriki. Walipewa sentensi fupi zilizokwisha kutungwa, kazi yao ikawa kuziingiza tu. Hakuna aliyekuwa akitafuta la kusema. Na kibodi iliyoshindanishwa ilikuwa ya kioo cha simu, si ile ya kompyuta ambayo mchapaji mzoefu huipiga bila kutazama vidole. Anayeandika ripoti, barua ya kikazi au makala hatumii muda wake mwingi kuingiza maneno. Muda unakwenda kwenye kufikiri, kufuta, na kuihamisha sentensi ya mwisho ipande juu. Kazi hiyo haiharakishwi na mdomo. Kwa hiyo nayakubali matokeo yale kwa kazi iliyopimwa, yaani ujumbe mfupi ambao mwenyewe tayari anajua atakachosema, na siyageuzi kuwa ahadi ya kazi nyingine.

Upande wa pili wapo wanaoiona imla ya kompyuta kama kitu cha kuchezea. Wengi wao waliijaribu zamani, na zamani walikuwa na haki. Programu ya DragonDictate ilipotoka mwaka 1990 iliuzwa dola 9,000 za Marekani, na mtumiaji alilazimika kunyamaza kidogo baada ya kila neno. Mwaka 1997 ikaja Dragon NaturallySpeaking, iliyomruhusu mtu kusema kwa mtiririko wa kawaida. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye lugha ambazo huduma yake ya sauti inazielewa, na mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ikaitoa Whisper bure, mfumo wa kugeuza sauti kuwa maandishi uliofunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Leo imla imo ndani ya Windows, macOS, Android na Google Docs bila kulipia chochote cha ziada. Anayesema kwamba mashine haisikii anazungumzia mashine nyingine.

Ubishi wa maana, kwa maoni yangu, uko kwenye aina ya makosa kuliko idadi yake.

Kosa la kuchapa hujitangaza. Ukiandika "kuwsili" badala ya "kuwasili", jicho linakwama hapo, na kikagua tahajia kinapigia mstari mwekundu. Kosa la imla halina alama hiyo, kwa sababu kwa kawaida programu haiandiki neno lisilokuwepo. Ikikosea, inaweka neno jingine halali, lenye tahajia safi, mara nyingi linalokaa vizuri kabisa kwenye sentensi. Umesema "mgonjwa hatakuja Jumanne", nayo imeandika "mgonjwa atakuja Jumanne". Tofauti ni pumzi moja mwanzoni mwa neno, pumzi ambayo wengi wetu tukisema haraka haisikiki hata kwa binadamu aliye mbele yetu. Kikagua tahajia hakioni kitu. Msomaji wa barua hiyo hana sababu ya kushuku. Na wewe mwenyewe, ukiipitia harakaharaka, utasoma ulichokusudia badala ya kilichoandikwa, kwa kuwa akilini bado una sentensi uliyoitamka.

Ndiyo maana asilimia zinazotangazwa hazinitoshelezi. Kipimo kinachotumika huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Kosa la asilimia 5 linasikika dogo, ila kwenye maandishi ya maneno 1,000 ni maneno 50 ya kusaka, na hujui yako wapi. Kipimo hicho pia hakitofautishi uzito. Kudondosha "na" kati ya majina mawili kunahesabiwa kosa moja. Kugeuza "hawajanilipa" kuwa "wamenilipa" nako ni kosa moja. Kiswahili kinabeba mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kwa hiyo silabi moja ikisikika vibaya inaweza kupindua taarifa nzima. Kwa mtumiaji wa Kiswahili hali ni ngumu zaidi kwa sababu nyingine: zaidi ya nusu ya zile saa 680,000 za Whisper zilikuwa za Kiingereza, na lugha nyingine karibu mia moja zikagawana sehemu iliyobaki bila usawa. Sifa ya programu iliyopatikana kwa Kiingereza isichukuliwe kuwa ni sifa yake kwa Kiswahili.

Hata ndani ya Kiingereza chenyewe wasemaji hawapati huduma sawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulijaribu mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Wastani wa makosa ulikuwa asilimia 35 kwa wasemaji weusi na asilimia 19 kwa wasemaji weupe. Hili linanigusa, kwa sababu mtu anayekosewa karibu mara mbili ya mwenzake huambiwa aseme polepole, aseme vizuri, kana kwamba kasoro iko kinywani mwake. Kasoro iko kwenye sauti zilizotumika kuifunza mashine. Mwenye lafudhi isiyosikika kwenye mafunzo hayo ana haki ya kuijaribu programu kwa sauti yake mwenyewe kabla ya kuamini sifa za mtu mwingine, na akiona inamkosea sana, airudishe bila kujilaumu.

Kuna kosa jingine linalonitia hofu zaidi. Mwaka 2024 watafiti waliichunguza Whisper wakakuta kwamba katika takribani asilimia 1 ya rekodi, mfumo uliandika vifungu ambavyo hakuna aliyevitamka. Jambo hilo lilitokea zaidi kwa watu wenye afasia, yaani walioathirika uwezo wa kuzungumza, ambao husitasita na kunyamaza kwa muda mrefu katikati ya maneno. Penye ukimya, mashine ikajaza. Asilimia 1 ni ndogo kwa anayeandika orodha ya vitu vya kununua. Kwa maelezo ya mgonjwa au ushahidi wa shahidi, sentensi moja ya kubuni inatosha kuleta madhara, na kwa kuwa imeandikwa kwa ufasaha uleule wa zile za kweli, hakuna kinachoitofautisha.

Baada ya kusema yote hayo, nalazimika kusema jambo ambalo wapinzani wa imla hulipita juujuu. Kuna watu ambao kwao swali la "sauti au kibodi" halipo kabisa. Mtu ambaye kano za viganja vyake zimechakaa kwa miaka ya kuchapa, aliyepooza mikono, anayetetemeka vidole, au mwenye disleksia anayeijua fikra yake vizuri ila herufi zinamkimbia: huyu hachagui kati ya njia ya haraka na njia ya polepole. Anachagua kati ya kuandika na kutoandika. Kumweleza kuhusu asilimia za makosa bila kumpa njia ya kuyasahihisha ni kumwacha njiani.

Huyu ndiye anayehitaji ushauri makini zaidi, kwa sababu imla ya kawaida haimtoshi. Imla inaingiza maneno. Kuyasahihisha bado kunadai kugusa skrini au kusogeza kipanya. Anayeshindwa kutumia mikono anahitaji programu inayoendesha kompyuta nzima kwa amri za sauti: fungua dirisha, chagua neno lile, futa, rudi mwanzo wa aya. Apple ina Voice Control tangu 2019, Windows 11 ina Voice Access, na Dragon imekuwa na amri za namna hii kwa miaka mingi. Lugha zinazotumika kwenye amri hizo ni chache kuliko zile za imla, kwa hiyo ataangalia kwanza kama lugha yake imo, kabla ya bei na kabla ya kitu kingine. Na asisahau koo. Anayehamisha kazi ya kutwa nzima kutoka viganjani kwenda kwenye sauti bila kupumzika na bila kunywa maji anaweza kuishia na maumivu mapya mahali papya.

Kwa wenye mikono mizima, faida niionayo kubwa wala si kasi. Ni kuanza. Wapo waandishi wanaokaa mbele ya ukurasa mtupu wakiandika sentensi na kuifuta, lakini ukiwauliza "unataka kusema nini?" wanaeleza kwa mpangilio mzuri bila kusita. Imla huwapa rasimu. Rasimu hiyo itakuwa ndefu, yenye marudio na viunganishi vingi, kwa kuwa tunaposema tunarudia ili msikilizaji asipotee. Itahitaji kukatwa, na kukata ni kazi inayofanywa vizuri zaidi na kibodi. Lakini kukata kilichopo ni rahisi kuliko kuanzisha kisichokuwepo.

Faragha nayo ina pande mbili. Programu nyingi hutuma sauti kwenye seva za kampuni, zikaichakata huko na kurudisha maandishi. Nyingine, pamoja na Whisper ukiisakinisha mwenyewe, hufanya kazi yote ndani ya kompyuta yako, ingawa zinataka mashine yenye nguvu. Wakili, daktari au mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake hana budi kuegemea aina ya pili. Kisha kuna masikio ya jirani. Ofisi ya watu wengi, basi, maktaba: huko kibodi inashinda hata kama programu ni kamilifu.

Sasa mtu achague vipi? Ningemshauri asijaribu kwa kusoma sentensi za mfano. Achukue kazi ya aina anayoifanya kweli, yenye majina ya watu, tarehe, kiasi cha fedha na vikanusho, aitamke mahali anapofanyia kazi kila siku, kisha asahihishe mpaka iwe tayari kutumwa. Saa isimamishwe hapo, si pale maneno ya mwisho yalipotokea kwenye skrini. Kazi nyingine ya ukubwa huo aichape tangu mwanzo, nayo aipime hadi mwisho. Matokeo yatatofautiana kati ya mtu na mtu, hata kati ya kazi na kazi ya mtu mmoja.

Na kuna sifa moja ambayo ningeiweka juu ya kasi na juu ya asilimia: je, programu inakuhifadhia sauti pamoja na maandishi? Dragon hukuwezesha kusikiliza tena ulichotamka. Ukirekodi kwanza na kupitisha rekodi hiyo kwenye Whisper, faili la sauti linabaki kwako. Imla ya kibodi ya simu, kwa kawaida, inaandika na sauti inapotea papo hapo. Pasipo sauti, ukikutana na "atakuja" kesho asubuhi huna pa kuhakikishia isipokuwa kumbukumbu yako, na kumbukumbu ya vikanusho ni dhaifu. Penye sauti, unarudi nyuma sekunde chache na kusikia. Kwa salamu na ujumbe wa haraka, imla ya simu inatosha na ningeitumia bila wasiwasi. Kwa maandishi ambayo mtu mwingine atayafanyia uamuzi, ama sauti ihifadhiwe, au nichape.